Sifa hazilipi gharama: Kwa nini viwanda huacha kutengeneza magari ya kasi yanayopendwa

MWEZI Agosti 2025 kiwanda cha Nissan kilichopo Tochigi, Japani, kilitoa gari la mwisho la aina ya GT-R, toleo linalojulikana kama R35. Gari hilo lilikuwa limetengenezwa kwa miaka 18. Vijana wanalijua kwa picha, filamu na michezo ya kompyuta. Mafundi wanalijua kwa nguvu ya injini yake. Pamoja na sifa zote hizo, kampuni iliacha kulitengeneza bila kutangaza tarehe ya kuja kwa mrithi wake.

GT-R haikuwa ya kwanza kupatwa na hayo. Mitsubishi ilimaliza kutengeneza Lancer Evolution mwaka 2016. Ford iliacha Focus RS mwaka 2018, na mwaka 2020 ikathibitisha kuwa haitaleta nyingine. Machi 2022 Subaru ilitangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na toleo la STI lenye injini ya petroli. Huko Amerika ya Kaskazini, Dodge Challenger na Chevrolet Camaro zote zilifikia mwisho wake mwishoni mwa 2023.

Msomaji wa kurasa hizi anaweza kuuliza: hayo yanamhusu nini mkulima wa mahindi wa Mbozi au mchuuzi wa vitunguu wa Mang'ola? Yanamhusu kwa njia mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya magari yanayotembea katika barabara zetu ni mitumba kutoka Japani, na kinachoachwa kutengenezwa kule leo ndicho ambacho vipuri vyake vitakuwa adimu hapa kesho. Pili, hesabu inayoua gari la kasi ni hesabu ileile inayoamua kama mnunuzi ataendelea kuchukua kahawa yako, asali yako au pilipili yako ya kusindika.

Maoni yetu ni kwamba bidhaa haifi kwa sababu watu wameacha kuipenda. Inakufa pale sababu iliyoizaa inapoondoka, pale gharama zake zinapokosa watu wa kutosha wa kuzibeba, au pale kanuni mpya inapoifanya iwe mzigo kwa bidhaa nyingine za mwenye kiwanda. Anayesikiliza sifa peke yake hashituki mpaka siku soko linapofungwa.

Sifa, mauzo na faida

Tuanze na neno lenyewe "kupendwa". Katika miaka yake 18, GT-R R35 zilizotengenezwa zilikuwa takriban 48,000. Ukigawanya, unapata kama magari 2,700 kwa mwaka, kwa dunia nzima. Sasa linganisha na Toyota Corolla, gari ambalo ni vigumu kumkuta kijana amebandika picha yake ukutani. Corolla ilianza mwaka 1966, na mwaka 2021 mauzo yake yalifikia magari milioni 50. Huo ni wastani wa takriban magari 900,000 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, GT-R za mwaka mzima ni sawa na Corolla za siku moja na ushee.

Wengi wa wanaolisifu gari la kasi hawalinunui. Kijana wa miaka 20 analipenda lakini hana fedha. Akifika miaka 45 huenda fedha anazo, lakini ana watoto watatu, ana mizigo, ana bima ya kulipa na mafuta ya kununua. Anaingia dukani na kutoka na gari la familia. Mapenzi yake kwa lile la kasi yanabaki palepale, ila hayaingii katika daftari la mauzo la kiwanda.

Wapo wanaosema: mbona magari haya yakiwa ya mtumba yanauzwa kwa bei kubwa sana? Ni kweli. Toyota Supra ya miaka ya 1990 na Nissan Skyline GT-R ya mwisho, ile ya R34 iliyokoma mwaka 2002, leo zikiwa katika hali nzuri zinauzwa kwa bei inayozidi mara kadhaa ile iliyolipwa zilipokuwa mpya. Lakini fedha hiyo inakwenda kwa nani? Inakwenda kwa aliyelinunua na kulitunza, na kwa dalali wa mnada. Kiwanda kilichukua chake siku ya kwanza na hakipati hata senti moja zaidi.

Mkulima wa mahindi anaijua vizuri hali hii. Anauza gunia wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa. Ifikapo Februari gunia lilelile linauzwa mjini kwa bei ya juu, na kila mtu anasema mahindi yana soko. Kweli yana soko, lakini soko hilo halimlipii mkulima mbolea ya msimu unaofuata. Vivyo hivyo, bei kubwa ya Supra ya mtumba haikuilipia Toyota gharama ya kutengeneza Supra nyingine mwaka 2003.

Lancer Evolution: kanuni iliyoizaa ilipobadilika

Mfano unaoeleweka kwa urahisi katika ukanda wetu ni Lancer Evolution. Jina la Lancer lina historia ndefu katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, Tommi Mäkinen wa Finland alishinda Safari kwa Lancer Evolution, akashinda tena mwaka 2001. Kati ya 1996 na 1999 alitwaa ubingwa wa dunia wa madereva mara nne mfululizo akiwa na Mitsubishi.

Lakini gari hili halikuzaliwa kwa sababu wateja waliliomba. Lilizaliwa kwa sababu ya kanuni. Wakati huo, kampuni iliyotaka kushindana katika daraja la juu la ubingwa wa dunia wa rally ilipaswa kwanza kutengeneza idadi maalumu ya magari ya aina hiyohiyo kwa ajili ya kuuzwa kwa watu wa kawaida. Kufikia mwaka 1993 idadi hiyo ilikuwa magari 2,500. Mitsubishi ikachukua Lancer ya kawaida, ikaiwekea injini ya lita mbili yenye turbo na mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, na mwaka 1992 ikaiingiza sokoni. Za kwanza zikaisha kwa siku chache, ikabidi waongeze nyingine.

Kuanzia mwaka 1997 kanuni zikabadilika. Kampuni ikaruhusiwa kuchukua gari la kawaida la familia na kulifanyia mabadiliko hayo yote kwa ajili ya mashindano tu, bila kulazimika kuuza maelfu ya magari ya namna hiyo kwa umma. Mitsubishi iliendelea kwa miaka michache na utaratibu wa zamani, na mwaka 2001 nayo ikahamia kwenye mpya. Mwishoni mwa msimu wa 2005 ikajitoa kabisa katika ubingwa wa dunia. Subaru, mpinzani wake mkubwa, ilijitoa Desemba 2008 wakati msukosuko wa fedha ulipoikumba dunia.

Hapo ndipo lilipo jambo la kujifunza. Sababu ya kuwapo kwa Lancer Evolution iliondoka kati ya 1997 na 2005, lakini gari lenyewe liliendelea hadi 2016. Toleo la kumi lilitoka mwaka 2007, mashindano yakiwa yameshaachwa. Kwa zaidi ya miaka kumi gari liliishi kwa sifa za jana. Aliyekuwa nje aliona bidhaa yenye afya. Aliyekuwa ndani na daftari mkononi aliona mti ambao mizizi yake imeshakatwa na majani bado ni ya kijani.

Hata Japani ilipotolewa toleo la mwisho la magari 1,000 mwaka 2015, wateja walijitokeza. Kampuni ilikuwa imeshaelekeza fedha na wahandisi wake kwenye magari ya kifamilia yaliyonyanyuka juu na yale yanayotumia umeme, kama Outlander ya umeme na petroli iliyoanza kuuzwa mwaka 2013. Mwaka 2016 kampuni hiyo iliingia katika kashfa ya takwimu za matumizi ya mafuta, na Nissan ikanunua asilimia 34 ya hisa zake. Kampuni iliyo katika hali hiyo haibaki na fedha ya kutunza bidhaa kwa ajili ya heshima tu.

Gharama ambazo hazipungui

Katika uchumi wa uzalishaji kuna gharama zinazobadilika na zile za kudumu. Gharama zinazobadilika hupanda kadiri unavyozalisha zaidi: chuma, matairi, rangi, au kwa mkulima, mbegu na magunia. Gharama za kudumu unazilipa hata ukizalisha kimoja: michoro, majaribio, vyeti, mitambo ya kukunja bati, na kupima usalama kwa kugongesha magari ukutani.

Tuchukue mfano wa mezani ili hesabu iwe wazi. Tuseme kuandaa gari jipya kunagharimu Sh bilioni 100 kabla ya kuuza hata moja. Ukitengeneza magari 200,000, kila gari linabeba Sh 500,000 za gharama hizo. Ukitengeneza 10,000 tu, kila gari linabeba Sh milioni 10. Chuma ni kilekile na vibarua ni walewale, lakini gari la pili limeshapandishwa bei kwa Sh milioni 9.5 kabla halijatoka kiwandani.

Ndiyo maana magari mengi ya kasi hayatengenezwi peke yake. Hupanda mgongoni kwa ndugu yake wa kawaida. Lancer Evolution ilitumia umbo la Lancer ya kawaida. Focus RS ilitumia la Focus. WRX STI ilitumia la Impreza. Ndugu wa kawaida analipa sehemu kubwa ya gharama za kudumu, na yule wa kasi anaongezewa injini, breki na springi.

Mpango huo ni mzuri mradi ndugu wa kawaida ana nguvu. Lancer ya kawaida ilipozidiwa na washindani wake, na wateja walipohamia kwenye magari yaliyonyanyuka juu, Mitsubishi haikuleta mrithi wake kwa soko la dunia. Kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetoka hata katika soko la Marekani. Evolution isingeweza kubaki hewani bila mgongo wa kupandia.

Hilo linafanana na mfugaji anayetengeneza jibini kutokana na maziwa yanayobaki baada ya kuuza kwenye kituo cha kukusanyia. Jibini linasifiwa na watalii na lina bei nzuri. Lakini malisho, dawa na mshahara wa mchungaji vinalipwa na maziwa ya kila siku. Kituo cha maziwa kikifungwa, jibini halitadumu, hata watalii wakilia.

Kanuni za mbali na thamani ya fedha

Sababu nyingine ni kanuni. Agosti 2002 magari manne ya kasi ya Japani yaliachwa kwa mpigo: Toyota Supra, Mazda RX-7, Nissan Skyline GT-R na Nissan Silvia. Kanuni mpya za moshi nchini humo zingelazimu injini zao kuandaliwa upya. Kwa magari yaliyokuwa yakiuzwa machache, gharama hiyo haikuwa na wa kuilipa.

Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia 2020 na 2021 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha gramu 95 za hewa ukaa kwa kilometa, kama wastani wa magari mapya yote. Kila kampuni ilipewa kiwango chake kulingana na uzito wa magari yake, na iliyozidi ilitakiwa kulipa faini ya euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, kwa kila gari lililouzwa.

Jambo la kuangalia hapo ni neno "wastani". Focus RS ilikuwa ikitoa gramu 175 kwa kilometa. Imezidi 95 kwa gramu 80. Kwa kampuni ambayo imeshavuka kiwango chake, gramu 80 mara euro 95 ni euro 7,600 kwa gari moja. Lakini hata kama kampuni haijavuka, kila gari la kasi linalouzwa linavuta juu wastani wa magari yote. Ni kama lori la mahindi linalopimwa unyevu ghalani: magunia machache mabichi yanaweza kushusha daraja la mzigo mzima, na mwenye magunia makavu akaumia pamoja na mwenye mabichi. Ford ilipothibitisha mwaka 2020 kwamba hakuna Focus RS nyingine, ilitaja viwango hivyo vya hewa ukaa, kodi zake, na gharama ya kuandaa gari la umeme na petroli ambalo lingeuzwa kwa idadi ndogo.

Kanuni si za moshi peke yake. Toyota GR86 ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2022, na mwaka 2024 ikaondoka, kwa sababu kanuni za usalama zilizoanza kutumika kwa magari mapya yote Julai mwaka huo zilidai vifaa ambavyo kuviweka kungelazimu muundo wa gari ubadilishwe. Gari lilelile liliendelea kuuzwa Japani na Marekani, na halikuwa na hitilafu yoyote.

Thamani ya fedha nayo huua. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa kama yeni 240. Aprili 1995 ilikuwa imeshuka hadi karibu yeni 80. Gari lililotengenezwa kwa yeni na kuuzwa kwa dola likawa ghali kupita kiasi bila kuongezwa hata msumari. Mazda ikaiondoa RX-7 katika soko la Marekani baada ya 1995, Nissan ikaiondoa 300ZX mwaka 1996, na Toyota ikaiondoa Supra mwaka 1998. Anayeuza nje kahawa, korosho au maua hahitaji kuelezwa zaidi maana ya hilo.

Na tusidhani kwamba ni magari yanayouzwa machache tu ndiyo yanayokufa. Dodge Challenger iliuzwa Marekani zaidi ya magari 50,000 mwaka 2022, ikaipita Ford Mustang. Lakini ilikaa juu ya msingi wa zamani, na kampuni mama, Stellantis, ilikuwa imelipa zaidi ya dola milioni 200 za faini za matumizi ya mafuta kwa magari ya miaka ya 2018 na 2019. Ikaamua kuhamia kwenye Charger ya umeme. Kisha mwaka 2025 sheria mpya ya Marekani ikashusha faini hizo hadi sifuri, na mwaka huohuo kampuni ikazindua Charger ya petroli. Kanuni inaweza kuua na inaweza kufufua, lakini mfanyakazi aliyepoteza kazi katikati ya mabadiliko hayo hafidiwi kwa ufufuo huo.

Wanaopinga wana hoja

Wapo wachambuzi wanaosema kwamba kampuni zinajidanganya. Wanadai gari la kasi ni tangazo linalotembea: mtu anavutwa na jina la STI, halafu ananunua Subaru ya kawaida. Ukiua tangazo, unaua na jina. Hoja hiyo ina uzito, na sisi hatuipuuzi. Katika Afrika Mashariki, wengi waliilijua jina la Subaru kwa ushindi wa Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 katika Safari, si kwa matangazo ya gazetini.

Ushahidi kwamba inawezekana upo. Mwaka 2019 Toyota iliirudisha Supra, lakini haikubeba gharama peke yake. Iliiandaa kwa ubia na BMW, ambayo ilitoa Z4 juu ya msingi uleule, na magari yote mawili yakatengenezwa katika kiwanda kimoja huko Graz, Austria. Mwaka 2020 Toyota ikaleta GR Yaris, gari dogo lenye turbo na magurudumu manne yanayoendesha, lililoandaliwa likiwa na mashindano akilini. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Sébastien Ogier alishinda kwa Toyota Yaris, na hadi 2025 kila mwaka mshindi alikuwa dereva wa Toyota.

Angalia hata hivyo ni nani aliyeweza. Ni kampuni ambayo Corolla na Hilux zake zinaingiza fedha kila siku, na iliyotafuta mwenza wa kugawana naye gharama. Kwa hiyo hoja ya tangazo ni sahihi kwa mwenye ghala lililojaa. Kwa mwenye ghala tupu, tangazo ni deni.

Yanayotuhusu sisi

Kwa anayenunua gari la mtumba, hasa kijana aliyeuza mpunga au kuvunja akiba ya kikoba, maoni yetu ni haya: usinunue sifa. Uliza kwanza ni vipuri gani gari hilo linachangia na ndugu yake wa kawaida. Vile vya kuchangia vitapatikana kwa muda mrefu. Vile vya kwake peke yake, kama turbo, gia na mfumo wa kugawa nguvu kwa magurudumu, ndivyo vitakavyoadimika kwanza na kupanda bei. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba linalozidi umri wa miaka minane; maana yake Lancer Evolution zilizopo huko hazitaongezeka tena, na zitaanza kulana vipuri zenyewe kwa zenyewe. Kwetu Tanzania gari kuukuu linaweza kuingia kwa kulipiwa ushuru wa ziada wa uchakavu, lakini ushuru hauleti vipuri. Probox na Canter hazina mashabiki wanaozipigia makofi, ila spea zake utazipata mpaka kwenye mji wa mnada.

Kwa mfanyabiashara wa spea, somo ni kutazama miaka kumi mbele. Mzigo wa kuweka dukani ni wa magari ambayo bado yanatengenezwa kwa wingi au yaliyouzwa kwa maelfu. Mzigo wa magari ya kasi ni wa kuagizwa kwa oda na malipo ya awali. Ukikaa rafuni miaka mitatu ukimsubiri mteja mmoja, umefunga mtaji ambao ungezunguka mara nyingi kwenye pedi za breki na vichujio vya mafuta.

Kwa mkulima na msindikaji, tunapendekeza maswali matatu juu ya kila bidhaa, hata ile inayosifiwa na wote.

La kwanza: ni sababu gani iliyoizaa, na bado ipo? Ikiwa kikundi chenu kilianza kulima zao fulani kwa sababu mradi wa wafadhili ulikuwa unanunua, ujue mnunuzi halisi ni mradi, si soko. Siku mradi unapofunga mlango, zao linaweza kuendelea msimu mmoja au miwili kwa mazoea, kama Lancer Evolution ilivyoendelea baada ya mashindano.

La pili: nani analipa gharama za kudumu? Kikundi cha kina mama kinachouza siagi ya karanga, asali na pilipili ya chupa kinaweza kuona pilipili ndiyo inayosifiwa kwenye maonyesho ya Nane Nane. Lakini pilipili ina chupa zake zinazouzwa kwa oda ya kuanzia idadi fulani, lebo yake na vipimo vyake vya maabara. Kama chupa zinazouzwa ni 300 kwa mwaka, huenda siagi ya karanga ndiyo inayoibeba pilipili mgongoni. Hilo si kosa, mradi mnalijua na mmeliandika katika daftari.

La tatu: ni kanuni ipi, ya hapa au ya mbali, inayoweza kuisimamisha? Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yathibitishwe kuwa hayakutoka kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya Desemba 31, 2020, na shamba lijulikane mahali lilipo. Utekelezaji wake uliahirishwa mwaka 2024 na tena mwaka 2025. Wapo wanaosherehekea kila linapoahirishwa. Sisi tunaona ni muda wa kujiandaa. Kumfikia na kupima shamba la mwenye nusu ekari mlimani kunahitaji safari ileile ya kumfikia mwenye ekari 50, lakini nusu ekari ina kilo chache za kubeba gharama hiyo. Mnunuzi wa Ulaya atakapopiga hesabu, kahawa ya mkulima mdogo inaweza kuwa kama Focus RS: nzuri, ya kusifiwa, na isiyolipa usumbufu wake.

Dawa ya hilo ni ile iliyotumiwa na Toyota na BMW: kugawana. Mkulima mmoja hawezi kulipia vipimo. AMCOS yenye wanachama 400 inaweza, ikianza sasa, shamba kwa shamba, kwa vijana wa kijiji wenye simu. Tunavitaka vyama vya ushirika viingize kazi hii katika bajeti ya msimu huu badala ya kusubiri barua ya mnunuzi. Aidha tunazitaka halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao zirudishe sehemu yake katika kazi hiyo, kwa kuwa kahawa isiyouzika haina ushuru wa kukusanywa.

Kampuni za magari zina wahandisi, mabenki na wanasheria, na bado zililazimika kuacha magari zilizojivunia. Mkulima mdogo hana hifadhi hiyo. Akiba yake ni kuijua hesabu mapema kuliko mnunuzi wake. Kabla ya kununua mbegu au kuagiza chupa za msimu ujao, kikundi kikae chini na daftari, bidhaa moja baada ya nyingine, kiulize maswali hayo matatu na kuandika majibu yake.